Thelathini Kika

Pioneer, Eldoret
3 Machi 2025

Byron,

Nimekuficha jambo tangu mwaka wa 2012. Wale watafiti wa ng'ambo waliokuwa wakuchukue ukamalizie masomo kwao, sikuwahi kuzungumza nao. Nilikuambia nimewaeleza kosa lilivyotokea na kwamba wamekataa kubadili uamuzi. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti cha ofisini chenye mguu mbovu, ukainamisha kichwa, ukasema, "Asante kwa kunipigania, Mwalimu." Sikuwa nimekupigania. Simu sikupiga, wala barua pepe sikuandika.

Naandika kwa kalamu kwa sababu sina sauti. Mwaka jana madaktari walinipasua koo kuondoa uvimbe, wakatoka na sauti pia. Uvimbe umerudi. Sauti haikurudi.

Nilijua uko Eldoret kwa njia ya ajabu. Mama anayenitunza, Jerop, anaishi huko Kimumu. Juzi akinipa uji alinisimulia habari za jirani yake, mwalimu wa fizikia, ambaye husimama uani kila jioni akimfundisha bintiye kutamka "gari, gunia, gogo" kama kwamba polisi wanakuja kumsaka mtoto. Nikaandika kwenye karatasi: anaitwa nani? Akasema, "Ni Kituyi. Mtu mzuri. Lakini hiyo g yake anaitoa pole pole, utadhani ni yai." Nikasukuma bakuli, nikaomba karatasi nyingine.

Acha nieleze upya yale unayoyajua, maana ni katika kuyaeleza ndimo nilimojificha. Modeli yako ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya mimi. Ulichukua punje ya chuma, ndogo kuliko chembe ya chumvi, iliyobanwa kati ya almasi mbili. Mwale wa leza unaipiga upande mmoja. Pale ulipopiga chuma kinapata joto, kinatanuka ghafla, na mshtuko huo unasafiri ndani yake kama sauti, ila ni sauti ambayo hakuna sikio la mtu linaloweza kuisikia. Kwenye kompyuta uliigawanya punje hiyo vipande vipande, ukakifundisha kila kipande kumsukuma jirani yake, hadi tukaweza kusema wimbi litatokea upande wa pili lini. Chuma kikibanwa zaidi, wimbi linakwenda mbio zaidi. Kwa hiyo yote yalitegemea shinikizo tuliloingiza.

Wale wageni walikuwa wamepima wimbi la kweli kwao, wakakutumia wewe kipimo cha shinikizo. Ulikuwa Kimilili, mnamzika baba yako. Ulinipigia kutoka juu ya kichuguu, mahali pekee palipokuwa na netiweki, ili mimi niiendeshe modeli kabla ya kikao. Maabarani hatukuwa na subira ya majina marefu, gigapaskali na kilobari; tulisema giga au tulisema kilo, na kila mmoja alijua giga moja ni kilo kumi. Uliniambia thelathini giga. Niliingiza thelathini kilo.

Wimbi lako likachelewa. Kwenye skrini, mbele ya watu wote, la kwao lilikuwa limefika zamani na lako bado liko njiani. Wageni wakasema kwa adabu kwamba modeli haijaiva. Wiki mbili baadaye nikakuita nikakuambia nimelipata kosa: ulimi wako wa Kibukusu ulisema "kika," nami nikasikia "kilo." Nikakuomba usiwaandikie, wasione ni visingizio, nitasema nao mimi.

Sikusema nao kwa sababu niliona aibu. Profesa aliyeshindwa kusikia neno moja. Nisamehe ukiweza.

Prof. Mbuthia Mungai


Kimumu
9 Machi 2025

Kwa Mwalimu Mbuthia,

Shikamoo. Pole sana kwa ugonjwa. Mama Jerop alinipa barua nikiwa nasahihisha mitihani, na kuna mtoto wa watu nimempa sifuri ambayo si haki yake. Nitamrudishia kesho.

Sikulala vizuri. Nilikasirika, sitaficha. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara kadhaa, mpaka Jemutai, mke wangu, akaniuliza kama nimepoteza kuku. Kazi ile niliipenda, Mwalimu. Nilipoacha masomo sikuacha tu chuo. Mpaka leo nikisikia mlango wa chuma ukigongwa, najikuta nalifuata lile wimbi kichwani linavyokwenda, linavyorudi.

Lakini nikitulia, naona kosa lako ni nusu. Uliona aibu, ukanyamaza. Mimi ningefanya nini nikiwa profesa? Nusu ya kwanza ni yangu. Ni mimi niliyesema kika.

Sisi kwetu hatukuzaliwa na hiyo g. Darasani mlikuwa mnacheka, na mimi nilicheka nanyi. Unakumbuka siku ile uliponiuliza mbele ya wote, "Kituyi, hiyo kika ni ya kuuza au ya kupima?" Na wewe mwenyewe, Mwalimu, kwa heshima zote, miaka mitatu ulitufundisha "reza." "Mwale wa reza unapiga chuma." Hakuna aliyecheka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unatoa alama.

Basi nilipotoka ofisini kwako siku ile niliamua. Kwangu hakuna mtoto atakayekosa mahali kwa ajili ya ulimi. Nina binti mmoja, Brigid, ana miaka minane. Sijamfundisha Kibukusu hata salamu. Kiswahili chake na Kiingereza chake ni safi, hutajua ametoka wapi. Jemutai ananiona mwehu. Anasema, "Hata sisi Wanandi tunasema kari, na hayo makari tunayapanda na yanafika." Yeye amemfundisha Kinandi kisirisiri, jikoni. Nimejifanya sisikii.

Nina ombi moja tu. Wewe ndiye mtu pekee uliyenisikia siku ile. Nimeirudia ile simu kichwani mpaka imechakaa. Nakumbuka kichuguu, nakumbuka kwaya inaimba huko nyuma, nakumbuka nilijikaza niitoe ile g vizuri kwa sababu nilijua jambo ni zito. Nilidhani niliitoa. Niambie ukweli: nilisemaje? Lilitokaje mdomoni? Nataka tu kujua, nitulie.

Na kwa nini tusitumie WhatsApp? Ni dakika moja.

Byron Kituyi


Pioneer
14 Machi 2025

Byron,

WhatsApp hapana. Nikiona zile alama mbili za buluu na hujajibu, zitaniua kabla ya ugonjwa. Barua ikichelewa naweza kumsingizia Jerop.

Yeye huyu Jerop anasoma ninayoandika, akisimama nyuma yangu na bakuli. Katika barua ile ya kwanza aliona mahali nilipoandika kuhusu chuma kilicho chini ya shinikizo la juu, akauliza, "Kwani hii chuma iko na presha? Inameza dawa gani?" Nikaandika kwamba dawa yake ni kuachiliwa. Akasema hiyo ndiyo dawa ya kila mtu.

Umenifanya nicheke kwa hiyo "reza," na kucheka kunaniuma. Ni kweli. Marehemu mke wangu, Waiyego, alikuwa akinionya nisiseme "kulala" mbele ya askofu, lisije likatoka "kurara."

Unamkumbuka Waiyego? Wewe ndiye uliyempandia ile miche ya sukumawiki nyuma ya jikoni. Kila Jumamosi ulifika getini ukapaza sauti, "Hoti!" naye akajibu kutoka ndani, "Karibu, mwenye hoti yake!" na hata kabla hujaketi githeri ilikuwa mezani. Mlinisengenya mkidhani sisikii. Alipofariki, Januari ya 2012, niliamini hutakuja tena, maana niliona ulikuwa ukija kwa ajili ya chakula chake. Jumamosi iliyofuata mazishi ulikuja. Ulipika ugali mgumu kama kokoto tukaula hadi ukaisha. Sikuwahi kukushukuru.

Mwanangu Muigai yuko Kanada bado. Alikuja kumzika mamake akakaa siku nne. Siku hizi hunipigia simu, Jerop ananishikia sikioni, yeye anaongea na mimi napumua. Ndivyo anavyojua bado nipo.

Umeniuliza ulisemaje. Ni miaka mingi, Byron. Simu ilikuwa inakatikakatika, kwaya ilikuwa inaimba, mimi nilikuwa nimechoka. Mzee wa umri wangu hawezi kula kiapo juu ya neno moja. Usijitese na jambo hilo. Kama ni ulimi, ulimi hauna hatia.

Mwambie mtoto nimemsalimu.

Mwalimu wako,
Mbuthia


Kimumu
7 Aprili 2025

Mwalimu,

Nimechelewa kujibu. Mama Jerop ameniambia hali imekuwa mbaya wiki hii, kwamba sasa unakunywa tu, huli. Kwa hiyo nitaandika lile ambalo sikutaka kukutwisha.

Umesema ulimi hauna hatia. Nilitaka kukuamini. Lakini sikiliza.

Mama yangu, Rosebella, alifariki Novemba. Tulikuwa tumemleta hapa Kimumu awe karibu na hospitali. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha bei na salamu. Brigid alikuwa akiketi naye kitandani kila akitoka shule, nao walikuwa wakitazamana na kucheka tu. Mama alikuwa akimsuka nywele, anazifumua, anamsuka tena, kwa sababu ndilo jambo pekee walilokuwa nalo la kuambiana. Siku moja mama aliniuliza kwa lugha yetu, "Huyu mtoto ulimnyima mimi kwa nini?" Nikamwambia ni mambo ya shule, hataelewa.

Siku aliyoondoka, nilikuwa nimekwenda kwenye duka la dawa. Jemutai alikuwa kazini. Brigid alikuwa peke yake naye. Niliporudi mama alikuwa amekwisha tulia. Brigid akaniambia, "Baba, bibi alisema kitu. Alikirudia mara nyingi. Alinishika mkono huku anakisema."

Nikamwuliza, alisema nini? Akasema hajui, si Kiswahili. Nikapiga magoti, nikamwambia jaribu, nitolee vile vile ulivyosikia. Mtoto akajaribu, Mwalimu. Lakini alikuwa amekisafisha. Nimemfundisha tangu akiwa mdogo kwamba ukisikia sauti ya kwetu, irekebishe. Kwa hiyo akarekebisha. Alinipa maneno ya mama yangu yaliyopigwa pasi, yenye g na d nzuri sana, na mimi sikuyatambua.

Nimejaribu kuyarudisha. Nimekaa nayo kama tulivyokuwa tukikaa na mawimbi, nikitafuta yametokea wapi. Napata maneno mawili yanayowezekana. Moja maana yake ni "mwite." Lingine ni "mwache." Sijui kama mama alikuwa ananiita au alikuwa ananiachilia. Sitajua.

Hayo ndiyo niliyoyalipa kwa ajili ya ile kika. Sikulaumu. Nakuambia tu ili uelewe kwa nini nataka kujua nilisemaje. Kama kweli nilisema vibaya, basi angalau nilichomfanyia mama yangu na mtoto wangu kilikuwa na sababu.

Jumamosi nitakuja. Nitamleta Brigid. Hatashtushwa na hali yako, nimemwandaa. Nataka asimame karibu na wewe akusomee kitu chochote, hata gazeti, uisikie g yake. Nataka usikie kwamba niliitengeneza.

Byron


Pioneer
10 Aprili 2025

Byron,

Jerop ataileta hii leo jioni, nimemsihi asiicheleweshe. Isome kabla ya Jumamosi. Ukishaisoma, utaamua mwenyewe kama utamleta mtoto, au utakuja peke yako, au hutakuja kabisa. Geti litakuwa wazi. Mkono wangu hauandiki vizuri tena, vumilia.

Nilisoma habari za mama yako asubuhi. Nilimwomba Jerop aondoke chumbani. Amezoea kubishana, lakini aliniangalia usoni akaondoka.

Barua yangu ya kwanza nilidhani ni maungamo. Nilidhani nikikupa kosa dogo utaridhika nalo, nami nitakufa nikiwa mtu aliyeungama. Nilikuambia aibu ilininyamazisha. Si kweli. Ukaniuliza ulisemaje, nikakuambia simu ilikatikakatika. Haikukatika. Ile kwaya niliisikia neno kwa neno, naweza kukuambia hata wimbo. Nikakuambia ulimi hauna hatia, nikiwa najua vizuri ni nani mwenye hatia, nikakuacha uendelee kuutazama ulimi wako.

Jambo lenyewe ni dogo, na ni la aibu kuliko uongo wowote. Nyumba ilikuwa imekwisha nyamaza. Muigai alikwenda akasema ni miaka miwili. Waiyego akafa. Palibaki sauti moja tu iliyokuwa ikiingia humu, mara moja kwa wiki, getini, ikisema "hoti." Nilikuwa nikiamka Jumamosi mapema, nikijifanya nasoma gazeti, nikiisubiri. Ukiwa unapanda ngazi za maabara nilikujua kwa unavyowasalimu wafagiaji. Na hao wageni walikuwa wanakuja kuichukua. Kila mtu chuoni alikuwa akinipongeza, eti mwanafunzi wako anakwenda. Nikawa najibu asante.

Sikupanga. Nataka uamini hilo, ingawa halipunguzi kitu. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, simu nimeiweka chini, vidole viko juu ya vitufe. Nikafikiri: akikosa mara hii atabaki mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, awe amepona msiba wa babake, mimi niwe nimezoea. Mwaka ujao nitamsaidia aende. Ndivyo nilivyojiambia, nikabonyeza. Nilidhani utabaki Eldoret uijaribu tena. Sikujua kwamba ukiambiwa ulimi wako ndio umekuangusha, hutataka kuusikia tena mahali popote, na zaidi mbele yangu. Jumamosi iliyofuata sikusikia hoti. Wala iliyofuata. Nilikupoteza kwa njia ile ile niliyotumia kukushika.

Na lile la ulimi, nililipata wapi? Lilikuwa pale tayari. Tulikuwa tumecheka miaka mitatu, mimi nikiwa mbele. Nilijua nikisema "Kituyi alisema kika" hakuna atakayeuliza swali la pili, hata wewe. Wewe hasa. Nilichukua kitu nilichokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba hii nikakufanya ukichukie. Mama yako amezikwa na mtoto hajui neno lake kwa sababu hiyo. Si kwa sababu ya g. Hakuna aliyekosa mahali kwa sababu ya g.

Usimlete mtoto anisomee gazeti, Byron. Kama utamleta, mlete apige hodi getini kwa namna ya kwenu, aiseme vibaya kabisa, nami nitaisikia kutoka kitandani. Sistahili kukuomba hilo. Nimeandika tu kwa sababu kalamu iko mkononi.

Fikiria wewe mwenyewe, wewe mtu wa mahesabu. Miaka mitatu ulisema kika mbele yangu, asubuhi na jioni, na modeli ziliendeshwa kila wiki kwa kika yako. Ni mara ngapi niliwahi kukosea? Hukuwahi kujiuliza, kwa sababu uliniamini.

Umetaka kujua ulisemaje ukiwa juu ya kile kichuguu. Ulisema pole pole, ukijikaza, na bado ilitoka kama ilivyotoka siku zote. Ulisema, "Mwalimu, ni thelathini kika." Nami nikasikia thelathini giga.

Mbuthia